Ioshe Kwanza, Mdogo Wangu

Wiki hii nina barua moja tu mezani. Nimeisoma mara tatu, maana karibu kila mstari wake mimi mwenyewe nimeupitia. Aliyeiandika ni mwalimu wa Morogoro. Mwaka jana alinunua gari lake la kwanza, Toyota IST iliyokwisha kutembea sana kabla ya kufika mikononi mwake. Kila asubuhi akiliondoa linaacha doa jeusi pale lilipolala. Doa lilianza na ukubwa wa shilingi, sasa ni la ukubwa wa sahani. Alipolipeleka gereji, fundi aliingia chini, dakika mbili akatoka na kidole cheusi: "Sili ya nyuma ya krenki imekwisha, dada. Gia boksi lazima ishuke." Bei aliyotajiwa inakaribia mshahara wake wa mwezi mzima. Sasa ananiuliza: nikope nitengeneze, au niliuze hivyo hivyo lilivyo?

Usikope, mdogo wangu, wala usiuze. Ioshe injini kwanza.

Najua ulitegemea jibu kubwa zaidi ya hilo. Nami mwaka niliponunua gari langu nilitegemea hivyo hivyo. Niliambiwa maneno yale yale, sili ya nyuma, gia boksi ishuke, nikakubali siku ile ile kwa sababu nilikuwa na haraka na sikutaka kuonekana sijui kitu. Wakashusha, wakabadili sili, nikalipa. Wiki mbili baadaye doa likarudi palepale. Aliyenisaidia ni mzee mmoja fundi wa mtaani kwetu, mtu mpole, ambaye hakugusa spana hata moja siku ya kwanza. Aliomba brashi, mafuta ya taa kidogo na sabuni ya unga. Akaisugua injini upande ule wote, akaiacha ikauke, akaniambia niendeshe siku mbili kisha nirudi. Niliporudi alimulika tochi juu kabisa, kwenye kona ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu ya injini, akanionyesha uzi mwembamba wa oili unaoteremka taratibu mpaka kwenye ungio la injini na gia boksi. Tatizo lilikuwa gasketi ya mpira ya pale juu. Nilikaa ndani ya gari nikalia, maana ile hela ilikuwa ya ada ya mdogo wangu wa damu.

Ndiyo maana leo nataka tuzungumze polepole, bila kurukia spana.

Oili haidondoki pale inapotokea. Inatoka juu, inafuata ukuta wa injini, inapita kwenye kila mfereji na kila kichwa cha bolti, upepo wa barabarani unaisukuma nyuma, na mwisho inaning'inia mahali palipo chini kuliko pote. Tone unaloliona ni mwisho wa safari yake. Sasa angalia jinsi injini ya IST ilivyolala: imewekwa kimkingamo, na ncha moja ya tapeti kava iko upande wa gia boksi. Gasketi ya pale ikikauka kwa joto la miaka, oili inateremka moja kwa moja hadi kwenye ungio ambalo sili ya nyuma nayo ingelilowesha. Mtu akitazama kutoka chini tu, majeraha hayo mawili yanafanana kabisa. Simwiti fundi wako mwongo. Huenda alisema alichokiona, ila alichungulia upande mmoja tu, na gharama ya kukosea ingekuwa yako.

Kabla hata ya kuosha, hakikisha kinachodondoka ni oili ya injini. Tandika kipande cha boksi jeupe kwa ndani chini ya gari usiku kucha, ukiweka alama upande wa mbele ni upi. Asubuhi lisome. Oili ya injini ni ya kahawia au nyeusi, inateleza vidoleni, na ina harufu ya kuungua kidogo. Ukikuta tone jekundu lenye utelezi, hilo laweza kuwa la gia boksi ya otomatiki au la usukani wa hidroliki. Maji ya rejeta huwa na rangi, mara nyingi kijani, waridi au nyekundu, nayo ni mepesi kuliko oili na yana harufu tamutamu. Maji meupe yasiyo na harufu upande wa abiria baada ya kuwasha AC ni ya kawaida kabisa, hayo yaache yadondoke. Lakini ukiona majimaji mepesi, ya manjano hafifu, karibu na gurudumu, usiendelee kusoma makala hii, mpigie fundi aje hapo hapo ulipo, kwa sababu huenda ni mafuta ya breki na gari hilo lisisogee.

Pamoja na boksi, kuna tabia moja naomba uanze wiki hii hii. Gari likiwa limelala sehemu tambarare, injini imepoa, chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe hadi mwisho, kichomoe tena usome. Andika kwenye daftari: tarehe, kilomita, na oili imefika wapi kati ya alama ya chini na ya juu. Katika magari mengi madogo, umbali wa alama hizo mbili ni kama lita moja. Baada ya kilomita mia tano utajua kama unapoteza vijiko vya oili au unapoteza nusu lita, na hayo ni maradhi mawili tofauti. Watu wengi wanasubiri taa nyekundu ya kibuyu kwenye dashibodi. Mdogo wangu, taa ile haipimi wingi wa oili, inapima presha. Ikiwaka unapoendesha, ujue vyuma vimeanza kusuguana bila utando wa oili kati yake, na kila sekunde unayosema "nifike tu pale mbele" ndiyo inayonokisha injini. Egesha, zima, pima. Usijipe hata mita mia.

Sasa tuioshe. Injini iwe baridi kabisa, ya kugusika kwa mkono. Toa waya wa negativu wa betri. Funika alteneta kwa mfuko wa plastiki, na koili za plagi pia kama ziko wazi. Tumia brashi ya mkono na dawa ya kuondoa grisi wanayouza maduka ya spea, au mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, kisha maji ya sabuni na suuza kwa maji ya taratibu. Petroli usiitumie kamwe kuoshea injini, hata kama umewaona wanaume kumi wakifanya hivyo. Mvuke wake unashika moto kwa cheche ndogo tu. Na wale vijana wa kuosha magari wenye mashine ya presha, waambie wasielekeze lile bomba kwenye koili, alteneta na viunganishi vya waya. Maji yakiingia humo, utatoka pale na gari linalomisi na utadhani umeongeza tatizo kumbe ni unyevu tu. Kabla ya kuwasha, hakikisha hakuna kitambaa kilichosahauliwa, ondoa ile mifuko ya plastiki, na acha kila kitu kikauke.

Ikishakauka, chukua poda ya mtoto. Ndiyo, ile ile ya dukani. Pulizia utando mwembamba kwenye sehemu unazozishuku: pembeni mwa tapeti kava, kuzunguka filta, kwenye ungio la sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, mbali na mikanda. Endesha kilomita kumi au ishirini za kawaida, rudi, zima, fungua boneti, chukua tochi. Poda ikilowa hugeuka kijivu au kahawia, na utaiona njia ya oili imejichora kama mto kwenye ramani. Usiutazame mdomo wa mto. Ufuate kwenda juu mpaka pale poda inapokuwa kavu na nyeupe juu yake. Hapo ndipo chanzo kilipo. Piga picha. Kama hujaona kitu, endesha siku mbili uangalie tena, maana uvujaji mwingine hutokea injini ikiwa ya moto na presha imepanda tu.

Sehemu ninazokuomba uzitazame kwanza ni zile zilizoguswa na mikono ya watu hivi karibuni. Gari lililomwagwa oili wiki iliyopita na leo linavuja, mara nyingi shida iko kwenye ile kazi ya wiki iliyopita. Bolti ya kumwagia oili chini ya sampu, ile ya spana namba 14 kwenye IST, ina washa laini inayobonyea ili izibe. Imetengenezwa ibonyee mara moja. Gereji nyingi huirudisha ile ile miaka na miaka, ikianza kuvujisha wanakaza zaidi, wanaongeza bomba kwenye spana wakaze tena, mpaka njia ya bolti inaharibika na sasa unahitaji sampu. Washa mpya ni kitu kidogo kuliko vyote utakavyonunua dukani. Nunua tano, uziweke kwenye droo ya gari, umkabidhi fundi mkononi kila unapomwaga oili.

Na filta. Hili nilishalifanya kwa mikono yangu mwenyewe, nalieleza ili lisikukute. Siku ya kwanza kubadili filta peke yangu niliifungua ya zamani, nikaifunga mpya, nikawasha. Baada ya sekunde chache oili ilikuwa inamwagika sakafuni kama bomba lililoachwa wazi. Mpira wa filta ya zamani ulikuwa umebaki umegandamana kwenye injini, nami nikafunga mpya juu yake, mpira juu ya mpira. Nilizima upesi na injini ikapona. Tangu siku hiyo, filta ikitoka mkononi mwangu, jicho la kwanza linatafuta mpira wake uko wapi. Halafu pitisha kidole kwenye uso wa injini uhisi chuma kitupu. Mpira wa filta mpya upake oili safi kidogo, zungusha kwa mkono hadi uguse, kisha ongeza kama robo tatu ya mzunguko. Kwa mkono. Filta iliyokazwa kwa mnyororo utashindwa kuifungua, na haijakazika zaidi kwa maana yoyote inayokusaidia.

Kuna na kile kidude kidogo chenye waya mmoja, swichi ya presha ya oili, ambacho kwenye injini nyingi hukaa karibu na filta. Kikichakaa huanza kuvujisha kupitia tumbo lake na kulowesha waya wake. Ukikuta oili ndani ya kiunganishi cha waya huo, kibadili, hakuna cha kuziba.

Nirudi kwenye tapeti kava, maana kwa injini za umri huu ndiyo naishuku kuliko zote, na ndiyo kazi ambayo mtu wa nyumbani mwenye utulivu anaweza kuimaliza Jumamosi moja. Kuna dalili ya ziada ambayo haionekani nje. Chomoa koili moja ya plagi uangalie shimo lake. Ukikuta oili imetuama humo, sili za mashimo ya plagi nazo zimekwisha. Hiyo oili ndiyo inayofanya gari kumisi asubuhi, na watu wanabadilishiwa koili nne bila sababu. Seti nzuri ya gasketi ya kava huja pamoja na sili hizo. Ukienda dukani, iwe Kariakoo au hapo Morogoro, nenda na namba ya chesisi ya gari lako. Usiseme tu "ya IST", kwa sababu IST ya lita 1.3 na ile ya lita 1.5 zina injini mbili tofauti.

Kazi yenyewe haitaki nguvu, inataka mpangilio. Piga picha kabla ya kugusa chochote. Betri imetolewa waya. Viunganishi vya koili ni plastiki iliyopikwa na joto miaka ishirini, vibonyeze na kuvivuta taratibu, visije vikavunjika masikio. Fungua bolti za koili, toa mipira ya hewa inayoingia kwenye kava, kisha bolti za kava kwa soketi namba 10, ukilegeza zote kidogo kidogo ukianza za nje. Kava ikigoma kutoka, igonge pembeni kwa kipini cha mbao au nyundo ya raba. Usiingize bisibisi katikati kuinyanyua. Uso ule ni alumini, ukiukwaruza utakuwa umejitengenezea njia mpya ya oili. Pale wazi, funika kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, maana mchanga unaoingia humo unaenda moja kwa moja kwenye vyuma vinavyozunguka. Nje kukiwa na upepo wa vumbi, ahirisha.

Utasafisha nyuso zote mbili mpaka kidole kiteleze bila kukuta mabaki. Gasketi mpya inaingia kwenye mfereji wake wa kava ikiwa kavu. Silikoni? Matone mawili tu, pale kava ya cheni inapokutana na kichwa cha silinda, kwenye pembe zile mbili ambapo vyuma viwili vimeungana na kuacha ufa mdogo. Kwingine kote, mpira unatosha.

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu hili linaniuma. Nimeona injini nzuri zikifa kwa silikoni. Mtu anaona kuvuja, anachukua bomba zima la silikoni nyekundu, anapaka gasketi kama anapaka siagi mkate. Kava ikikazwa, silikoni inajikamua pande zote mbili. Ile ya nje unaiona na unadhani ni kazi safi. Ile ya ndani inakatika vipande, inashuka na oili hadi kwenye sampu, na huko chini kuna chujio la wavu ambalo pampu inanyonyea. Vipande vile vinaliziba. Presha inashuka, taa inawaka, injini inanoki, na hakuna anayekumbuka ile silikoni ya miezi mitatu iliyopita. Fundi akikuambia "tutapiga silikoni tu, dada, itakaa", mwambie asante, nanunua gasketi.

Unaporudisha bolti, anza za katikati uende nje, kwa zamu, mara mbili au tatu, usimalize moja kabla ya nyingine. Bolti hizi zinahitaji takriban Nm 10 tu. Kama huna toki renchi, tumia racheti fupi, ishike karibu na kichwa chake, na ukisikia imesimama, acha. Ukikaza zaidi utaupindisha mpira na utavuja kuliko mwanzo, au bolti itakatikia humo ndani. Kama umetumia silikoni, soma muda wa kukauka ulioandikwa kwenye bomba lake na uuheshimu kabla ya kuwasha.

Kabla hujafunga boneti, toa ile valvu ndogo ya PCV iliyoko kwenye kava. Kazi yake ni kupumulisha injini: gesi zinazopenya chini ya pistoni zinapitia hapo kurudi kuunguzwa. Ikiziba kwa masizi, injini inajaa pumzi ndani kama chungu kilichofunikwa, na pumzi ile inatafuta pa kutokea kwenye kila gasketi na kila sili. Ndiyo sababu kuna mtu anabadili gasketi leo na baada ya miezi miwili inavuja tena, anailaumu spea kuwa feki. Puliza upande unaoingia kwenye kava, hewa ipite kwa urahisi. Puliza upande wa pili, ipite kwa shida. Isipokuwa hivyo, badili. Kitu chenyewe ni kidogo, kinaenea kiganjani.

Nimekueleza kazi za juu kwa kirefu, za chini nitakueleza kwa masharti. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Ile jeki ndogo inayokuja na gari ni ya kubadilishia gurudumu ukiwa umesimama pembeni, basi. Matofali ya saruji yasikudanganye kwa ugumu wake, hupasuka ghafla bila kulia, hayatoi onyo. Mawe hubiringika. Kinachokubalika ni stendi za chuma mbili, zilizokaa kwenye sakafu ngumu na chini ya sehemu za bodi zilizotengenezwa kubebea, magurudumu ya nyuma yamewekewa kabari, breki ya mkono imepandishwa, na umelisukuma gari kwa mkono kuona kama linatikisika kabla ya kuingiza hata bega. Kama huna stendi, usiende chini. Mlipe kijana wa gereji yenye shimo akuonyeshe kwa tochi, dakika kumi tu, nawe ushuke uone mwenyewe. Watoto wasiwe karibu. Nasema hivi kama dada: hakuna oili yenye thamani ya kukulaza pale.

Vaa glavu. Oili iliyotumika ina kemikali ambazo zikigusa ngozi mara kwa mara kwa miaka zinaweza kuleta saratani, na mafundi wetu wengi hawaambiwi. Oili chafu itakayotoka siku ya kuimwaga, karibu lita 3.7 kwa injini ya 1NZ, ile ya lita 1.5, ukibadili na filta, irudishe kwenye galoni ile ile ya oili mpya, uifunge, uipeleke gereji inayokusanya. Usiimwage kwenye mtaro wala nyuma ya choo. Morogoro mnaishi chini ya milima ya Uluguru, mitaro yenu inaelekea mtoni.

Utakutana na watu wa kukushauri uweke oili nzito zaidi, 20W-50, ili ivuje polepole. Itavuja polepole, ni kweli. Lakini mpira uliokauka haujapona, na asubuhi injini ikiwaka oili nzito inachelewa kufika juu. Weka iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Zipo pia dawa za kuongeza kwenye oili zinazolainisha mipira. Kwa sili iliyokauka kidogo huweza kupunguza jasho kwa muda, kwa gasketi iliyokatika hazina msaada wowote. Mimi sizitumii, fedha hiyo nainunulia mpira mpya.

Na kuna kuvuja kwa kuachia. Injini yenye umri, ukipitisha kidole ukakuta unyevu wenye vumbi, hakuna tone kwenye boksi, na kijiti kinasoma vile vile mwezi mzima, hiyo inatoka jasho tu. Andika kwenye daftari uendelee na maisha. Kisichovumilika ni oili inayodondokea ekzosi, ile inayofanya uone moshi mwembamba na harufu ya kuungua ukisimama kwenye foleni, maana hapo kuna moto unaosubiri. Nyingine ni inayolowesha mikanda na raba za kushikilia injini, kwa sababu oili huila raba mpaka inakuwa kama ubuyu uliolowa. Hizo mbili zisipitishe wiki.

Sasa, kuna uwezekano kwamba utaosha, utapaka poda, na juu kote pakauke kabisa, huku unyevu ukianzia ndani ya ungio la gia boksi. Basi fundi wako alikuwa sahihi, sili ya nyuma imekwisha, na hiyo si kazi ya uani. Nayo kava ya cheni na sili ya mbele ya krenki nisingekushauri uzianze peke yako. Lakini utarudi pale ukiwa mtu mwingine. Utasema: "Fundi, nimeosha, nimeendesha kilomita hamsini, kava imekauka, filta imekauka, picha hizi hapa." Muulize kama bei ni pamoja na sili na kazi, na kama ikivuja ndani ya mwezi atarudia bure. Mwambie akishashusha gia boksi akuite kabla ya kuchomoa sili uione kwa macho yako, na ile ya zamani utaondoka nayo. Sema kwa heshima, ukitabasamu kama ulivyozoea. Fundi mzuri hakasiriki, huvuta kigoda akakukaribisha ukae. Akikasirika, una mji mzima wa mafundi.

Na lile la kuliuza: mnunuzi atakayekuja naye ataona doa, atakukata bei ya gia boksi kushushwa, wakati huenda kinachohitajika ni gasketi moja. Usimpe mtu mwingine punguzo la tatizo ambalo hujalijua.

Jumamosi hii anza na boksi, brashi na poda, tapeti kava uiache mpaka wiki ijayo. Kwenye boksi andika tarehe na kilomita kwa kalamu ya wino mzito, Jumapili asubuhi uongeze lingine pembeni yake, uyaweke yote mawili. Ukinitumia picha za kona ile ya juu upande wa gia boksi, kabla na baada ya poda, nitakuambia kama ununue gasketi au la.